Afridi: Aliitwa Nairobi kuziba pengo, akafanya kufuru!

Najua. Ukiona neno kriketi mkono unakuwasha, unataka kufunua ukurasa wa mahaba au ule wa nyota zako za wiki. Usifunue mshikaji, nipe dakika chache tu. Wiki hii sina habari ya msanii aliyefumaniwa wala mrembo aliyebwagwa. Nina habari ya dogo mmoja wa Karachi aliyeletwa Nairobi kama tairi la akiba, na siku mbili baada ya mechi yake ya kwanza dunia nzima ya mchezo huo ikawa inaulizana: jamani, huyu nani?

Kwanza tuelewane lugha, maana wengi wetu kriketi tunaiona tukipita Upanga tu, watu wamevaa nyeupe, wamesimama juani, wala hujui nani anamshambulia nani. Ni hivi. Kuna anayerusha mpira, na kuna anayeupiga kwa gongo (siyo gongo lile la kunywa, acha utani). Akishaupiga anakimbia kwenda upande wa pili, na kila akifika salama anahesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubiringika anapewa mikimbio minne bila kutoa jasho. Ukivuka ukiwa hewani, sita. Mipira sita ni ova moja, na kwenye mechi za siku moja kila timu inapewa ova 50, yaani mipira 300 kwa jumla. Vijiti vilivyo nyuma yake vikiangushwa, au mpira aliopiga ukidakwa kabla haujagusa chini, basi tena, anarudi kukaa. Hiyo ndiyo wiketi.

Sasa wapo wanaojua kurusha tu, na wapo wanaojua kupiga tu. Halafu wapo wachache wanaofanya yote mawili. Kwenye soka tungemwita kiraka, ila kwenye kriketi kiraka ana heshima yake, maana kocha anapata watu wawili kwa posho ya mmoja. Shahid Afridi alikuwa kiraka wa namna hiyo. Lakini Nairobi hakuitwa kama kiraka, na utamu wa habari yenyewe uko hapo.

Ilikuwa Oktoba 1996. Kenya walikuwa wanaadhimisha miaka 100 ya kriketi, wakawaalika Pakistan, Sri Lanka na Afrika Kusini kwenye mashindano ya timu nne. Na msidhani jamaa waliwaalika wageni ili wageuzwe asusa. Mwaka huohuo, Februari 29, kwenye Kombe la Dunia, walikuwa wamewaaibisha West Indies mjini Pune, India. Kenya mikimbio 166, West Indies wote nje kwa 93. Ebo! West Indies wale waliokuwa wakitisha watoto! Kwenye kikosi kile cha Kenya alikuwemo kiraka mwingine kinda, Thomas Odoyo, umri miaka 17, ambaye baadaye alicheza Makombe ya Dunia matano na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza zile mechi za siku tano kufikisha wiketi 100 katika mechi za kimataifa za siku moja. Odoyo nitamtengea safu yake peke yake siku moja, anastahili. Leo siyo zamu yake.

Pakistan walikuwa na mrushaji wao mahiri, Mushtaq Ahmed, bingwa wa mipira ya kuzungusha, ile inayotua chini halafu inakata kona kama daladala iliyomwona trafiki. Mushtaq akaumia. Ikabidi atafutwe mwingine wa aina hiyohiyo, haraka. Afridi wakati huo alikuwa West Indies na timu ya vijana ya Pakistan, anacheza zake na watoto wenzake. Akaambiwa fungasha, unatakiwa Nairobi na timu ya wakubwa. Yaani unatumwa dukani kununua chumvi, ukirudi unaambiwa umepata kazi.

Angalieni basi alichoitiwa: kurusha. Kupiga lilikuwa jambo la ziada.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Oktoba 2, dhidi ya wenyeji Kenya, kwenye uwanja wa klabu ya Aga Khan. Pakistan walishinda, ila dogo hakupata hata wiketi moja, na zamu ya kupiga haikumfikia. Ingekuwa huku kwetu, jioni ile pale kijiweni hukumu ingekuwa imeshatoka: huyu kaletwa na mjomba wake.

Lakini mazoezini wakubwa walikuwa wameona kitu. Dogo alikuwa akipewa gongo anaupiga mpira kama anaudai. Ijumaa ya Oktoba 4, uwanja wa Nairobi Gymkhana, mbele ya Sri Lanka, wakaamua kumpandisha. Mtu aliyezoea kusubiri mwishomwisho akaambiwa utaingia wa tatu, ukapige bila kujiuliza, ukitoka umetoka.

Na Sri Lanka hii siyo ya kuchezea. Walikuwa mabingwa wa dunia, tena ubingwa waliuchukulia Lahore, ndani ya Pakistan yenyewe, Machi mwaka huohuo. Mwezi Aprili, kule Singapore, Sanath Jayasuriya wao alikuwa amewafunga Pakistan mikimbio 100 kwa mipira 48, rekodi ya dunia, na siku hiyo akawapigia sita 11. Kwa hiyo Pakistan walikuwa na donda ambalo halijapona.

Hapo kuna hadithi ya gongo. Inasemwa, na Afridi mwenyewe ameisimulia, kwamba gongo alilotumia siku ile halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, mfalme wa wapigaji. Tendulkar alikuwa amempa Waqar Younis wa Pakistan akamtengenezeshee jingine la kufanana nalo Sialkot, mji ule ule unaoshona mipira ya soka inayosambaa dunia nzima. Waqar, badala ya kulifikisha kwa fundi, akamwazima dogo. Kuazima suti ya harusi kwa mshikaji nimeshaona, lakini kuazimwa gongo la hasimu wenu mkubwa ukafanyie maajabu nchi ya watu, hiyo ni kushnehi!

Afridi pia aliwahi kusimulia kwamba usiku uliotangulia aliota anawapiga sita warushaji wa Sri Lanka. Mimi mambo ya ndoto huwa nawaachia waganga na wanaocheza bahati nasibu, lakini hii naipokea hivyo hivyo, maana kilichotokea kesho yake ukisimuliwa unaweza kudhani ndiyo ndoto yenyewe.

Aliingia, akaanza kupiga. Mikimbio 50 ya kwanza, mipira 18. Mia ikatimia kwenye mpira wa 37. Akatolewa akiwa na 102, mipira 40 tu tangu aingie. Piga hesabu na mimi taratibu: sita 11 ni mikimbio 66, zile za minne zilikuwa sita, hizo ni 24. Jumla 90. Yaani kati ya mikimbio 102, kumi na miwili tu ndiyo aliyoikimbilia kwa miguu. Mingine yote alikuwa anasimama anautazama mpira ukienda zake. Jayasuriya yule yule wa Singapore, siku hiyo alipewa mpira arushe, na ova zake kumi zikaliwa mikimbio 94. Na Muttiah Muralitharan, ambaye baadaye alimaliza kazi yake akiwa na wiketi 800 za mechi za siku tano, alikuwepo uwanjani na yeye, hakukuwa na wa kumwokoa mwenziwe.

Nimeuangalia mkanda wa mechi ile mara nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri mbele ya watu wanaonidai kazi. Mwaka 1996 mimi sikuwa duniani, kwa hiyo sina kumbukumbu ya kujidai nayo. Kinachonivuta siyo sita zenyewe. Ni ule uso. Kijana mwembamba, anapiga, halafu anatazama kama mtu aliyebonyeza swichi ya taa akashangaa imewaka. Nahodha Saeed Anwar naye alipiga 115 siku ile, mikimbio ya maana kabisa, lakini nani anaizungumza? Ukipiga picha na bibi harusi usitegemee kuonekana.

Pakistan walimaliza na 371, ambayo wakati huo ilikuwa ya pili kwa ukubwa katika historia ya mechi za siku moja. Ya kwanza, naomba ndugu zangu wa Kenya wanisamehe, ilikuwa 398 waliyopigwa wao na Sri Lanka hao hao kule Kandy, Machi 6 mwaka huo. Sri Lanka wakajikakamua, wakafika 289. Pakistan washindi kwa mikimbio 82. Fainali Afrika Kusini wakawafunga Pakistan wakabeba kikombe, ila ukimuuliza mtu leo kuhusu mashindano yale, hata Afrika Kusini hatawakumbuka.

Vitabu vikaandika: mia ya haraka kuliko zote duniani, na mpigaji wake ana umri wa miaka 16 na siku 217. Rekodi ya mipira 37 ilikaa miaka 17, mpaka siku ya mwaka mpya wa 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipoivunja kwa mipira 36. Mwaka mmoja baadaye AB de Villiers wa Afrika Kusini akaja na 31, akafunga mjadala.

Sasa hebu jiweke kwenye viatu vya huyu dogo. Umeitwa kuziba pengo la mrushaji. Umefanya maajabu kwa kitu ambacho hukuitiwa. Kesho yake nani atakuuliza habari za kurusha? Kila akishika gongo watu wanataka sita. Akipiga mkimbio mmoja mmoja wanaguna. Akijaribu sita akadakwa, wanasema hana akili. Mia yake ya pili katika mechi za siku moja ilikuja Septemba 1998, kule Toronto dhidi ya India. Karibu miaka miwili! Na Kombe la Dunia la 1999 kule Uingereza, ambako Pakistan walifika fainali, yeye hakufua dafu.

Kuna mzee mmoja wa Kihindi ana duka la vitambaa Kariakoo, tunapiga naye stori nikipita. Anasema nyumbani kwake jina Afridi limekuwa tusi la upole. Mtoto akipewa matumizi ya mwezi akayamaliza kwa siku mbili, anaambiwa, "Wewe acha u-Afridi wako." Nilicheka, lakini nikajiuliza kama mzee anamtendea haki.

Kwa sababu wale waliokuwa hawana haraka waliona kitu kingine. Oktoba 1998 alichezeshwa kwa mara ya kwanza mechi ya siku tano, Karachi nyumbani kwao, dhidi ya Australia. Zamu ya kwanza ya Australia akawang'oa watano kwa mikimbio 52. Unaona? Watano! Kwa kurusha, ile kazi aliyoitiwa Nairobi. Mechi yake ya pili ya aina hiyo ilikuwa Januari 1999, Chennai, India, mara ya kwanza nchi hizo mbili kukutana kwenye mechi za siku tano baada ya miaka tisa. Siasa zilikuwa moto, polisi kila kona. Zamu ya pili ya Pakistan timu nzima ilipata 286, na kati ya hizo 141 alipiga Afridi peke yake. Nusu ya chakula cha nyumba nzima kaleta mtoto wa mwisho! Upande wa pili akasimama mwenye gongo lake, Tendulkar, akapiga 136 huku mgongo unamuuma, India wakakwama wakiwa wamebakiza kidogo sana. Pakistan washindi kwa mikimbio 12. Na watu wa Chennai, Wahindi watupu, wakasimama wakawapigia makofi Wapakistani wakizunguka uwanja. Mimi nikiulizwa kazi bora ya Afridi kijana, nitasema ile ya Chennai, siyo ya Nairobi. Nairobi hakuwa na cha kupoteza.

Mpaka anaachana na mechi za siku moja mwaka 2015 alikuwa amecheza 398. Mia alipiga sita tu. Wiketi alichukua 395. Rudia namba hizo mbili polepole. Dunia ilimkariri kwa kupiga, na riziki yake ilikuwa kwenye kurusha.

Kuna jambo moja nimeliruka makusudi. Umri.

Tangu 1996 watu walikuwa wanaunong'ona ule umri wa miaka 16. Vitabu vinasema alizaliwa Machi 1, 1980. Mwaka 2019 Afridi akatoa kitabu cha maisha yake, humo akaandika kwamba alizaliwa 1975, na kwamba siku ile ya Nairobi hakuwa na miaka 16 bali 19, wakubwa ndio walioandika umri wake vibaya. Sasa mimi nimeishia kidato cha nne, na hesabu sikuzipenda, lakini 1975 mpaka 1996 siyo 19 hata ukihesabia vidole vya jirani. Ni 20 kama hujafikisha siku yako ya kuzaliwa, na 21 kama umeifikisha. Yaani mtu anasahihisha umri, na masahihisho yenyewe yanataka kusahihishwa.

Wengi wakacheka, wakaendelea na mambo yao. Mipira 37 itabaki 37 hata kama mpigaji ana miaka 40. Hilo nakubali kabisa. Lakini ukitafuna vizuri kuna mfupa. Alipoitwa Nairobi alikuwa West Indies na timu ya vijana. Kama ya kitabuni ndiyo kweli, basi ile timu haikuwa ya umri wake, na kuna mtoto mahali fulani Pakistan, wa miaka 17 au 18 ya kweli, aliyebaki nyumbani akisikiliza redio. Jina lake hulijui, mimi silijui, na hakuna atakayemwandikia kitabu.

Sisi hili tunalijua kuliko Wapakistani. Vijeba! Serengeti Boys wetu waliing'oa tiketi ya fainali za Afrika za vijana za 2005, nchi nzima ikashangilia, kisha wakaenguliwa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Timu nzima ikalipia tarehe ya mtu mmoja. Na siku hizi hata kriketi imeingia humo humo: mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, mara ya kwanza kabisa kwa Tanzania. Watoto wa hapahapa, kwenye mchezo tuliokuwa tunauita wa Wahindi. Kila cheti cha kuzaliwa cha watoto wale kina uzito wa dhahabu.

Nayasema haya kwa sababu mtaani kwetu kuna dogo mmoja, beki wa kushoto, mguu wake ni dawa. Jina namwekea. Ana miaka 20 na miezi. Kapata mtu wa kumpeleka kwenye majaribio ya timu fulani ya vijana, na huyo mtu kamwambia wazi, punguza mitatu, kila mtu anapunguza, usipopunguza utakaa benchi la kijiweni mpaka uzeeke. Jumatatu akaja kwangu na fomu. Mtaani kwetu mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, barua za mikopo, za posa, za kuomba kazi, zote zinapita kwangu. Akasema, "Braza, nijazie hii, ila hapa kwenye tarehe tuongee kwanza."

Tukaongea mpaka usiku. Nikampa hadithi ya Afridi, nikidhani namtisha. Akanisikiliza vizuri, halafu akaniuliza: huyo jamaa walimnyang'anya nini alipokiri? Nikamwambia hakuna. Akaniuliza, na kama angesema ukweli tangu mwanzo, Nairobi angefika? Nikakaa kimya, maana ile timu ya vijana ndiyo iliyomfanya aonekane. Nikajaribu upande wa pili, nikamwambia habari ya yule mtoto aliyebaki nyumbani anasikiliza redio. Akacheka kwa uchungu. "Braza, huyo ndiye mimi. Mwaka juzi nafasi yangu alichukua kijeba ana mtoto anasoma chekechea."

Nimemjazia jina. Nimemjazia shule aliyosoma, namba anayocheza, urefu, jina la mama yake na sanduku la posta la mjomba wake. Mstari wa tarehe nimeuacha, nikamwambia ule ataandika mwenyewe kwa mkono wake, mimi kalamu yangu haifiki hapo. Hakukasirika. Alisema atafikiria, akaniachia fomu isije ikachafuka kwao. Iko hapa mezani chini ya kamusi, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa.